Rulema ya bei rahisi ao rulema ya muda mrefu: koperative ichague ipi?



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya kukata matawi ya kakao, juu ya kuchachusha mbegu na juu ya kuanika. Leo tunaongea juu ya kitu kidogo cha chuma ambacho wengi wetu hatukioni, juu kiko ndani ya gurudumu. Ni rulema. Wale wanaonunua piesi Uganda wanaiita beringi.

Mtu anaweza kuuliza: agronome anatafuta nini ndani ya gurudumu la gari? Jibu ni fupi. Mavuno hayaishi shambani. Kakao ya Aloya, ya Linzo ao ya Metale inapata bei yake kamili siku inapofika depo, na ili ifike lazima ibebwe. Mbegu mbichi zinapaswa kuingia katika sanduku la kuchachushia ndani ya siku moja kisha ganda kupasuliwa. Kakao iliyokwisha kuanikwa paka unyevu wa asilimia 7 ao 8 ikinyeshewa njiani, inapita ile asilimia 8 na ukungu unaanza. Ngazi zikikaa siku nyingi bila kukamuliwa, mafuta yake yanakuwa makali. Kwa hiyo gari ikilala njiani, kazi ya miezi inaharibika katika usiku mmoja.

Na kuko jambo kubwa kuliko kakao: watu. Gari ya koperative haibebi mifuko tu. Siku ya soko inabeba pia wamama juu ya mifuko, na watoto wao mgongoni. Rulema ikivunjika vibaya, gurudumu linaweza kutoka wakati gari inatembea. Na sote tunajua hali ya njia zetu kati ya Mangina, Beni na Butembo, na ile ya kwenda Makeke na Biakato. Kulala njiani gari ikiwa imekufa, jua likitua, si hasara ya feza tu.

Gari nyingi za koperative zetu ni za zamani. Kuko Toyota Land Cruiser za aina ya 70, ambazo Toyota ilianza kuuza mwaka 1984, na zile zilizozitangulia. Kuko Hilux za zamani na kamyo ndogo. Gari hizi zinapendwa juu zinatengenezeka. Katika gari nyingi za sasa rulema imefungwa pamoja na kitovu cha gurudumu kama kitu kimoja, na ikiharibika unanunua kila kitu. Katika Land Cruiser ya zamani fundi anafungua, anatoa rulema peke yake, na anaweka ingine. Ni faida kubwa. Lakini ndiyo inaleta swali letu: kila mara tunafungua, tuweke ile ya bei rahisi ao ile ya bei kali?

Rulema inafanya kazi gani

Rulema iko na sehemu nne: pete ya ndani, pete ya nje, gololi ao vipande vya mviringo katikati yao, na kikapu kidogo kinachoshika gololi zisigusane. Pikipiki inatumia rulema za gololi. Magurudumu ya mbele ya Land Cruiser ya zamani yanatumia rulema za vipande vilivyochongoka, vipana upande mmoja na vyembamba upande mwingine. Hizo zinaweza kubeba uzito unaotoka juu na nguvu inayotoka pembeni wakati gari inakata kona. Katika kila gurudumu la mbele kuko mbili: moja ndani, moja nje. Kila moja inazunguka katika bakuli lake la chuma lililobanwa ndani ya kitovu.

Uzito wote wa gari na wa mzigo unapita katika mahali padogo sana ambapo gololi inagusa pete. Kwa hiyo chuma cha rulema si chuma cha jembe. Ni chuma chenye karibu asilimia 1 ya kaboni na asilimia 1.5 ya kromu, kinachopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu paka kiwe kigumu sana. Ndani yake hakupaswi kuwa na uchafu. Kipande kidogo cha uchafu ndani ya chuma ndicho mahali ambapo ufa unaanza. Ufa ukifika juu, chuma kinabanduka kama rangi ya ukuta. Hapo ndipo unasikia gurudumu linaanza kulia.

Tena gololi zote lazima zilingane. Tofauti yao inapimwa kwa vipimo vidogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Gololi moja ikiwa kubwa kuliko wenzake, ile moja njo itabeba mzigo wa wengine, na itakufa ya kwanza.

Hivi ndivyo unalipia unapolipa bei kali: chuma safi, upashaji moto wa uhakika, kipimo sawa, na mtu kiwandani aliyekagua. Macho yetu hayawezi kuona hata kimoja. Rulema nzuri na rulema mbaya zote zinang'aa dukani.

Sokoni kuko aina nne, siyo mbili

Watu wanasema "ya orijinali" na "ya Chine" kana kwamba kuko aina mbili tu. Si hivyo. China kuko viwanda vinavyotengeneza rulema nzuri sana, na makampuni makubwa ya Ulaya na Japani yako na viwanda vyao huko. Nchi iliyoandikwa kwenye kartoni haitoshi kukuambia kitu. Afadhali tutofautishe hivi.

Ya kwanza ni rulema ya kampuni inayojulikana, iliyotoka kweli kwa kampuni hiyo. Kwa mfano SKF ya Sweden, iliyoanza mwaka 1907. Timken ya Marekani, iliyoanza mwaka 1899 na kazi ya rulema zilizochongoka. NSK, NTN na Koyo za Japani. FAG ya Ujerumani. Hizi zinadumu, lakini bei yake ni kali.

Ya pili ni rulema ya bei rahisi yenye jina lake yenyewe. Kampuni haijulikani, lakini haidanganyi. Imeandika jina lake na namba yake, na bei inaonyesha ni nini. Zingine ni nzuri kiasi, zingine ni dhaifu.

Ya tatu ni rulema ya uongo. Imeandikwa jina kubwa, kartoni ni nzuri, lakini ndani ni chuma cha hovyo. Hii si shida ya Butembo peke yake. Makampuni makubwa ya rulema yalianzisha kampeni ya dunia nzima mwaka 2010 kwa kupigana na rulema za uongo, na vitu hivyo vimekamatwa hata Ulaya.

Ya ine ni okazio: rulema iliyotolewa katika gari ingine. Mara nyingi ilikuwa ya kampuni nzuri. Lakini huwezi kujua ilibeba nini, wala ufa umefika wapi ndani yake.

Mtaona basi kwamba hatari kubwa haiko kwenye rulema ya rahisi inayosema "mimi ni rahisi". Iko kwenye rulema mbaya inayouzwa kwa bei ya nzuri. Hesabu inayofuata inaonyesha hivyo.

Tufanye hesabu pamoja

Bei zinabadilika kufuatana na Kasindi, dola na msimu. Kwa hiyo namba hizi ni mfano tu. Kila koperative iweke bei zake.

Tuseme rulema mbili za gurudumu moja la mbele zinauzwa dola 15 kwa aina ya rahisi, na dola 45 kwa aina nzuri. Dukani ile nzuri ni mara tatu. Mtunza feza anashika kichwa.

Lakini rulema haijifungi yenyewe. Fundi anaomba dola 10. Sipi mpya, ile pete ya mpira inayozuia maji na grese, dola 5. Grese dola 5. Hizo dola 20 unalipa hata ukinunua rulema gani. Kwa hiyo:

Rulema rahisi ikiwa ndani ya gurudumu: dola 35.
Rulema nzuri ikiwa ndani ya gurudumu: dola 65.

Sasa nzuri si mara tatu tena. Haifiki hata mara mbili. Tuseme ile nzuri inadumu miezi 24. Ukigawanya, utaona ile ya rahisi inapaswa kudumu karibu miezi 13 ili zilingane. Ikipita miezi 13, ya rahisi imeshinda, na hakuna haya kuinunua. Ikikufa mbele ya hapo, tumepoteza.

Ikidumu miezi 8 tu, katika miezi 24 utafunga mara tatu. Ni dola 105 kwa gurudumu moja, kinyume cha dola 65. Na kama mara moja kati ya hizo gari ilikufia njiani, mkakodi kamyo ya mtu kwa dola 60 ili kuokoa mzigo, mmefika dola 165. Hapo hatujahesabu kakao iliyonyeshewa.

Sasa tuangalie ile ya uongo. Umelipa dola 65, imedumu miezi 8. Mara tatu ni dola 195. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo kulipa bei kali peke yake hakukulindi. Kama huna uhakika na muuzaji, afadhali rulema rahisi yenye jina lake kuliko jina kubwa lenye mashaka.

Wapi rahisi inatosha, wapi haitoshi

Hatuhitaji rulema ya bei kali kila mahali. Swali la kujiuliza ni hili: ikivunjika, kutatokea nini?

Chukudu ikivunjika rulema, mwenyewe anashusha mzigo, anakaa kando ya njia, anatengeneza. Mwendo ni mdogo, gurudumu ni la mbao. Mafundi wa chukudu wanatumia hata rulema za okazio, na ni akili nzuri. Vivyo hivyo toroli ya kubeba maganda ao mboji shambani. Hapo usitupe feza.

Pikipiki iko katikati. Kama ni ya msimamizi kwenda mkutanoni, rulema ya rahisi lakini ya kweli inaweza kutosha, kama inaangaliwa kila mwezi. Lakini kama inabeba mifuko miwili ya kakao na motari kutoka Linzo paka Mangina, gurudumu la nyuma linastahili rulema nzuri. Huko njo uzito wote uko, na mnyororo unavuta upande mmoja.

Gurudumu la mbele la gari inayobeba mzigo na watu: hapo usijaribu. Rulema ya hapo ikikufa, inaharibu kitovu na ule mti wa chuma unaoibeba, na hizo ni piesi za bei mara nyingi zaidi. Ikikufa gari ikiwa na mwendo, inaharibu watu.

Mashini za kusaga muhogo na za kukoboa kahawa na muchele nazo ziko na rulema. Ikikufa katikati ya msimu, wakulima wanasimama na mifuko yao mlangoni. Hapo kuko jambo moja la kujua. Mashini nyingi zimewekwa juu ya sakafu ambayo inashuka kidogo kidogo, na mti wa mashini unapinda. Shida hiyo ni ya zamani. Sven Wingquist, fundi wa kiwanda cha nguo huko Göteborg, Sweden, alikuwa na miti ya mashini isiyokaa sawa, na rulema zilikuwa zinakufa moja kisha ingine. Mwaka 1907 akatengeneza rulema inayoweza kujipinda yenyewe ndani ya pete yake, na kampuni ya SKF ikazaliwa. Kwetu somo ni hili: mbele ya kununua rulema ya tatu kwa mashini ileile, angalia kwanza kama sakafu na mti viko sawa. Rulema nzuri haiponyeshi mashini iliyopinda.

Namna ya kuangalia dukani

Piesi zetu nyingi zinapita Kasindi, zikitoka Kampala katika maduka kama ya Kisekka, ao zinaletwa na wafanya biashara wa Butembo wanaokwenda Dubai na Guangzhou. Njia ni ndefu na mikono ni mingi. Fanyeni hivi.

Chukua rulema ya zamani mkononi. Usiende kununua kwa kusema tu "nipe rulema ya Land Cruiser". Piga mswaki na mazutu ile pete ya zamani paka namba ionekane, na uiandike katika kaye.

Soma namba. Kwa rulema nyingi za pikipiki na za mashini, namba inaanza na 62 ao 63, na tarakimu mbili za mwisho zinasema upana wa tundu. 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Kwa hiyo 6204 iko na tundu la milimita 20, na 6205 la milimita 25. Anayejua hivyo hawezi kuuziwa ingine.

Soma herufi. ZZ ao 2Z inamaanisha kuko kifuniko cha bati pande mbili: kinazuia vumbi, lakini maji yanapita. 2RS, ao LLU kwa NTN, ao DDU kwa NSK, ni kifuniko cha mpira pande mbili. Kwa pikipiki inayovuka matope ya mwezi wa 10 na wa 11, omba ya mpira. C3 inamaanisha kuko nafasi kubwa kidogo ndani. Kama ya zamani iliandikwa C3, na mpya iandikwe hivyo.

Linganisha namba ya kartoni na namba ya pete. Lazima ziwe sawasawa. Kama pete haina maandishi yoyote, rudisha.

Pima. Muuza dagaa jirani iko na mizani. Rulema 6204 inapima karibu gramu 110. Ikiwa ni nyepesi sana, kuko chuma kinakosekana.

Zungusha kwa mkono. Isikwaruze, isikwame. Lakini kuzunguka vizuri hakutoshi kuwa ushahidi, juu hata ya uongo inaweza kuzunguka vizuri siku ya kwanza.

Kartoni nzuri pia si ushahidi. SKF iko na programu ya simu inayoitwa SKF Authenticate: unapiga picha ya kartoni na ya rulema, unatuma, wanakujibu kama ni yao. Kijana mmoja wa koperative mwenye simu ya kuguza anaweza kufanya kazi hiyo.

Na omba fakture yenye jina la duka na namba ya rulema. Muuzaji anayekataa kuandika namba amekwisha kukujibu.

Rulema nzuri ikifungwa vibaya inakufa kama ya rahisi

Hapa njo feza nyingi zinapotea. Koperative inanunua rulema ya dola 45, kisha inafungwa kwa nyundo na patasi juu ya mavumbi ya garaji. Mwanamemba mmoja wa kamati asimame karibu na fundi na aangalie mambo haya.

Mikono na mahali viwe safi. Tandika kitambaa safi ao karatasi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuchora pete. Rulema mpya isitolewe katika karatasi yake paka wakati wa kuifunga.

Bakuli na vipande vyake viende pamoja. Kwa zile zilizochongoka, usiweke vipande vipya katika bakuli la zamani. Bakuli la zamani limekwisha kuchukua alama za wenzake wa zamani, na litakula vipya.

Nguvu ipite kwenye pete inayobana. Ukisukuma rulema ya gololi ndani ya kitovu, sukuma pete ya nje. Ukisukuma pete ya ndani, nguvu inapita katika gololi na inaacha vishimo ambavyo hutaviona, lakini utavisikia kisha wiki mbili. Pete ya nje ya rulema ya zamani ni chombo kizuri cha kusukumia.

Sipi mpya kila mara. Katika njia zetu, rulema nyingi zinakufa kwa maji na matope kuliko kwa uzito. Kurudisha sipi ya zamani ili kuokoa dola 5 ni kufungulia maji mlango.

Grese ya kweli ya magurudumu, aina moja tu. Usichanganye grese mbili zisizojulikana, juu zingine zinayeyushana. Usiweke mawese, usiweke mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika. Kwa zile zilizochongoka, grese isukumwe kwa mkono paka ionekane katikati ya vipande. Kupaka juu juu hakutoshi. Ndani ya kitovu usijaze kabisa: karibu sehemu moja ya tatu inatosha, juu grese ikizidi inapata moto na inatafuta njia ya kutoka kwenye freni. Rulema zilizofungwa na mpira pande mbili ziko na grese yake tayari, msizioshe.

Kwa Land Cruiser, mkifungua mbele na mkakuta grese imekuwa kama uji, maana yake mafuta ya ponti yanapita. Tengenezeni ile sipi ya ndani kwanza, la sivyo rulema mpya itafuata ya zamani.

Kwa pikipiki, kati ya rulema mbili za gurudumu kuko kipande cha bomba. Kisisahauliwe. Kikikosekana, ukikaza mti wa gurudumu unabana rulema zote mbili kwa pembeni, na zinakufa hata kama ni za SKF.

Kukaza kwa kipimo. Zile zilizochongoka hazikazwi kwa nguvu zote. Fundi anakaza huku gurudumu linazungushwa, ili kila kitu kikae mahali pake, kisha analegeza, kisha anakaza kidogo kama kitabu cha gari kinavyosema, anafunga na pete ya kuzuia. Ikibana sana inaungua; ikilegea sana inagonga. Kisha kilometa 100 ao 200, irudiwe kuangaliwa.

Mtihani wa mwisho uko rahisi. Tembeza gari kilometa 20, simama, karibisha mkono polepole kwenye kitovu cha kushoto, kisha cha kuume. Joto kidogo ni kawaida. Upande mmoja ukiwa moto kuliko mwingine, ao mkono hauwezi kukaa, kuko shida ya rulema ao ya freni. Gari isiende na mzigo.

Uzito unaua hata ile nzuri

Kuko sheria ya rulema inayojulikana na viwanda vyote. Kwa rulema ya gololi, ukizidisha uzito mara mbili, maisha yake yanagawanywa kwa 8. Kwa zile zilizochongoka yanagawanywa kwa karibu 10. Si nusu, ndugu. Kwa 8 na kwa 10.

Maana yake, rulema ambayo ingetumika misimu 8 itatumika mmoja. Mifuko 20 ya kilo 60 ni kilo 1200. Ukiongeza watu 8 juu yake, umefika karibu kilo 1700. Pick-up ya zamani haikutengenezwa kwa hiyo, zaidi katika mashimo ambapo gurudumu moja linashuka na kubeba uzito wa mengine. Koperative inayonunua rulema nzuri na kupakia bila kipimo imenunua bure. Shofere akisema "imejaa", kamati imuunge mkono, hata kama mwenye mifuko ni mtu mkubwa.

Uamuzi unafanyika mbele ya siku ya kuharibika

Tumeongea juu ya kuchagua. Lakini tuseme ukweli: mara nyingi koperative haichagui. Gurudumu linalia, gari iko Cantine, mzigo uko juu, mvua inakuja. Anatumwa mtu na pikipiki, ananunua ile anayoikuta, kwa bei anayoambiwa. Siku hiyo hakuna mizani, hakuna programu ya simu, hakuna kulinganisha. Rulema mbaya nyingi zinaingia katika gari zetu kwa mlango huo.

Dawa yake ni kununua mbele. Mwisho wa msimu, feza ya kakao ikiwa imeingia, koperative inunue seti moja ya magurudumu ya mbele pamoja na sipi na grese. Iwekwe depo, katika karatasi yake, mahali pakavu, juu ya ubao na si juu ya simenti. Kama koperative moja haiwezi, mbili ao tatu zenye gari ya aina moja zinunue pamoja, ziweke kwa mtu mmoja anayeaminika. Mnunuzi akienda Butembo bila haraka, yeye njo mwenye nguvu.

Na kila gari iwe na kaye yake. Mnaandika vitu vitano tu: tarehe, gurudumu gani, namba na jina la rulema, duka na bei, kilometa ao idadi ya safari. Kisha miaka miwili hamtahitaji tena kuuliza fundi wala agronome ipi ni nzuri. Kaye yenu itasema: rulema ya duka hili ilidumu miezi 7, ya duka lile 20. Hiyo ndiyo hesabu ya miezi 13 tuliyofanya juu, lakini kwa njia yenu na kwa mizigo yenu.

Kazi ya mwezi huu

Mbele ya mvua kuanza, kila koperative ifanye mambo matatu.

Inueni kila gurudumu kwa kriki, wekeni magogo chini ili gari isianguke, shikeni mpira juu na chini, mtikise. Kama unacheza, ao ukizungushwa unakwaruza, andikeni.

Angalieni ndani ya kila gurudumu kama kuko grese imetoka kwenye freni.

Someni namba za rulema zilizo katika gari, na muanze kaye.

Katika mkutano ujao wa koperative, leteni kaye hizo hata kama ziko na ukurasa mmoja. Tutazisoma pamoja, gari kwa gari, kisha tuandike orodha moja ya namba tunazohitaji na maduka yaliyotuuzia kitu cha kweli. Orodha hiyo ndiyo itakwenda Butembo na mnunuzi.